Kompyuta Ikisema Mambo Shwari, Uliza Orodha ni ya Lini

Mwezi Juni ukielekea ukingoni, watu huingia saiba kuwasilisha taarifa za kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30 kupita. Mtu wa Sarang'ombe asiye na kompyuta nyumbani huandika nywila yake katika mashine ya mwenzake. Hiyo ni amana. Mashine yenye programu zilizopitwa na wakati huweza kuwa na mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaijua.

Mashine kuukuu nyingine huendeshwa kwa Ubuntu, mfumo usiolipiwa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kundi la Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Ukitaka kujua programu zipi zimechakaa, unaandika amri apt list --upgradable. Usipoona jina lolote, je, ushangilie? La hasha! Amri hiyo haitoki nje. Inasoma tu orodha iliyohifadhiwa ndani ya mashine. Ni kama muuza mboga anayekutajia bei ya leo kutoka daftari la mwaka jana, naye hajafika sokoni.

Kwanza, basi, agiza orodha mpya kwa sudo apt update. Wengi hudhani amri hii hubadilisha programu. Sivyo, huleta orodha tu. Kazi ya kuweka programu mpya ni ya sudo apt upgrade. Soma mistari ya mwisho kwa makini. Intaneti ikikatika katikati, mashine hukuonya kwamba imeshindwa kupata orodha fulani na imetumia ya zamani. Asiyesoma onyo hilo huendelea kuamini daftari lile lile.

Pili, tazama saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara. Ikifa, mashine huweza kuamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita, na kama saa haijarekebishwa kupitia intaneti, orodha mpya hukataliwa kwa kuwa tarehe yake “haijafika.” Sahihisha tarehe, kisha ubadilishe betri.

Tatu, uliza umri wa Ubuntu yenyewe kwa lsb_release -a. Huduma ya kawaida ya toleo la 18.04 ilikoma mwaka 2023, na ya 20.04 ikakoma mwaka 2025. Mashine yenye toleo kama hilo yaweza kukuambia hakuna jipya, na ikawa inasema kweli: hakuna jipya kwa sababu hakuna anayeitengenezea tena bila mpango maalumu. Hapo dawa ni kuhamia toleo jipya, baada ya kuweka nakala za faili zako pembeni.

Enyi wenye saiba, fanyeni ukaguzi huu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaketi. Nawe mteja, usione haya kumwuliza mwenye mashine: orodha yako ni ya lini?