Vichekesho Visitumikishwe na Mabwana Wawili

Mwananchi wa Unguja au Pemba ateremkaye bandarini Dar es Salaam na kushika njia kuu ya Bara hupita Kingolwira kabla ya kuingia mjini Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa mkono wake wa kushoto. Jirani na hapo ni Mkambalani, ambako mwaka 1986 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, mzaliwa wa mkoa huo huo, walifanya kazi na wanakijiji kuyageuza matatizo yao kuwa mchezo wa hadhara. Watu wa huko hawakufundishwa kuchekesha. Utani wa koo za Waluguru unampa mtani ruhusa ya kusema msibani ambayo mwingine angeyasema angefukuzwa. Nasi visiwani tunayo siku ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambapo matusi husamehewa pamoja na mapigo ya migomba.

Tunayataja hayo kwa kuwa wako wanaodhani kuwa kichekesho ni jambo la ovyo, lisilostahili kujadiliwa mezani pa Serikali. Wataliano hawakudhani hivyo. Mwaka 1545, mjini Padova, wanaume wanane walikwenda kwa mthibitishaji wa mikataba wakaandikiana kuwa kundi moja la kuzunguka na kuchekesha watu kwa mwaka mzima. Walikubaliana kununua farasi wa kubeba mizigo kwa fedha za wote. Walikubaliana kuwa mwenzao akiugua atatunzwa kwa fedha za kundi. Mapato yaliwekwa katika sanduku lenye funguo tatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Sisi tuliolelewa katika siasa ya ujamaa tunalijua jina la jambo hilo: ni ushirika.

Hivyo ndivyo vilivyokua vichekesho vya vinyago ambavyo wenyewe huviita commedia dell'arte. Mwigizaji hakupewa maneno ya kukariri. Alipewa mtu wa kumwigiza, kama tajiri bahili, mwanachuoni mpayukaji au mtumishi mwenye njaa, na mengine akayatunga papo hapo mbele ya watu. Sanaa hiyo ilififia mwishoni mwa karne ya 18. Iliinuliwa tena mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha juzi tu, pale Manispaa ya Milan ilipofungua Piccolo Teatro, na Giorgio Strehler akauweka jukwaani mchezo wa Goldoni juu ya Arlecchino, mtumishi wa mabwana wawili. Mchezo huo umezungushwa katika nchi nyingi za dunia, na Ferruccio Soleri alimwigiza Arlecchino kwa zaidi ya nusu karne. Kwa wale ambao nyoyo zao hazitulii wasikiapo neno kinyago, tunaongeza kwamba Marcello Moretti, aliyemtangulia Soleri, mwanzoni alikikataa kinyago cha ngozi akajipaka rangi usoni, na watu wakacheka vile vile.

Je, sisi hatukuwa na mfano wa hayo? Tulikuwa nao. Wasanii wa vikundi vya JKT, Polisi na Magereza walikuwa na mshahara. Muungano Cultural Troupe katika miaka ya 1980, na baadaye TOT iliyoundwa na Chama mwaka 1992, walibeba ngoma, sarakasi, taarab na vichekesho katika onyesho moja. Watu wale walikula pamoja na kusafiri pamoja, hata mmoja akikohoa mwenzake anajua la kujibu. Kipaji cha kutunga papo hapo hakikui kwa njia nyingine.

Leo kichekesho kimehamia katika simu, kikiwa cha dakika mbili, na mchekeshaji hulipwa kwa tangazo moja moja. Hatuidharau simu. Lakini simu haimuuguzi mtu. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyewachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa, alipougua alipelekwa India kwa msaada wa Serikali, akafariki Agosti 2018. Msaada ule ulikuwa wa heshima. Hata hivyo, wale wanane wa Padova hawakungoja huruma ya mkubwa yeyote, kwani dawa yao ilikuwa ndani ya mkataba.

Sasa tunawageukia wenye dhamana. Utamaduni si jambo la Muungano. Bara liko Baraza la Sanaa la Taifa, na kwetu liko Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kila moja na sheria yake, usajili wake na vibali vyake. Kikundi kitakachotaka kuanzia Ngome Kongwe na kumalizia chini ya Uluguru kitakuwa Arlecchino mwenyewe, akikimbia na sahani baina ya meza mbili huku tumbo lake tupu. Tunapendekeza mabaraza haya mawili yakutane na kukubaliana kwamba cheti cha upande mmoja kipokewe upande wa pili bila ada nyingine. Tunapendekeza pia halmashauri ziruhusu viwanja vya shule vitumike bila malipo kwa kikundi chochote kitakachoonyesha mkataba wa mwaka mzima wenye mfuko wa wagonjwa. Reli mpya imefika Morogoro tangu 2024, basi farasi tayari yupo. Kilichobaki ni sanduku na funguo zake tatu, na kiwanja cha shule Kingolwira kwa onyesho la kwanza.