Bastola ipi bora kwa mfanyabiashara?

Kwa kuwa niliwahi kuwa askari, wenzangu wa Giheke tunaovuka Rusizi kwenda Bukavu huniuliza: “Afande, bastola ipi bora?”

Nitajibu, maana nimezibeba. Tokarev ya Mrusi ni nyembamba na hupiga kwa nguvu, lakini haina kitufe cha usalama. Ukijisahau, unaumia mwenyewe. Makarov ni ndogo, kitufe inacho, na hubeba risasi nane. Browning ya Ubelgiji, iliyotoka mwaka 1935, hubeba 13. Hiyo ndiyo iliyotulia mkononi mwangu.

Sifa zinaishia hapo. Katika zote tatu, ukifyatua, risasi nyingine inajipanga yenyewe. Ukichomoa magazini ukadhani umemaliza, huenda moja imebaki ndani, na mtoto akaiokota. Tena jambazi akijua una fedha na bastola, atavifuata vyote viwili.

Ipo pia sheria. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyosainiwa na Rwanda na Kongo, inataka silaha ya raia iwe na kibali na isajiliwe. Kibali cha upande huu hakikupi ruhusa ya kuvuka nayo daraja. Nawe ndugu uliyerejea kutoka msituni na chuma ulichokificha, kikabidhi kabla hakijakurudisha ulikotoka.

Fedha tuzipitishe kwenye simu au benki, tutembee kwa makundi, turudi mapema. Mimi nimeshachagua: sokoni naenda mikono mitupu, na usiku nalala.