Kompyuta inavyotabiri sumu kwenye ini na figo

Saa nane usiku mtoto ana homa. Mama anampa paracetamol ya maji, kisha kwa kuwa anakohoa pia, anaongeza ile dawa ya mafua iliyobaki wiki iliyopita. Asichojua ni kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani yake. Ini la mtoto limepokea dozi mbili kwa mpigo.

Ini ndilo linaloichakata dawa hiyo. Sehemu yake ndogo hugeuka kuwa sumu, na mwili huizima kwa kinga iitwayo glutathioni. Dozi ikizidi sana, kinga hiyo huisha na chembehai za ini huanza kufa. Ubaya wake, siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa.

Madhara ya namna hii ndiyo watafiti wanayotaka kuyaona mapema kwa kompyuta, kabla kemikali haijafika mdomoni mwa mtu. Nchini Marekani, mradi wa Tox21 ulioanza 2008 umetumia roboti kupima kemikali zipatazo 10,000, nyingi kwa kutumia chembehai za binadamu zilizokuzwa maabara. Matokeo huingizwa kwenye kompyuta, nayo hujifunza ni maumbo gani ya kemikali huandamana na madhara. Ikiletewa kemikali mpya, huilinganisha na inazozijua na kukadiria hatari yake. Ni makadirio tu, si hukumu.

Wanyama wa maabara peke yao hawatoshi. Dawa ya kisukari troglitazone iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, ikaondolewa sokoni 2000 baada ya kuharibu maini ya baadhi ya wagonjwa, wengine wakafa. Majaribio ya wanyama hayakuwa yameonyesha hatari hiyo.

Hata hivyo, kompyuta hupima kile ilichoambiwa kimo. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto takriban 70, wengi wao chini ya miaka mitano, walikufa kwa figo kushindwa kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa na daiethilini glaikoli, sumu inayojulikana tangu miaka ya 1930. Hapo hapakuhitajika utabiri, palihitajika ukaguzi wa chupa.

Nyumbani, mzazi asome lebo ya kila dawa na asichanganye mbili zenye paracetamol. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Kijiko cha chai cha jikoni si kipimo, tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa.

Mtoto akizidishiwa, usisubiri macho yawe ya njano. Dawa ya kuokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Mpeleke hospitali, na chupa uibebe.