Twahara Haiishii Mtaroni



Baada ya darsa ya Alhamisi, mama mmoja alitusimamisha akiwa na fungu la mchicha mkononi. Amesikia kwamba bustani ulikotoka hunyweshwa maji ya mtaro, naye akauliza: je, mboga hii ni halali, na je, ni salama? Tumeona tumjibu hapa, kwani hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halitoshelezi la pili.

Kwa upande wa sheria, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamefundisha kwamba mmea uliokulia penye najisi hauwi najisi wenyewe; huoshwa pale palipoguswa. Mchicha wake, ukioshwa barabara, ni halali. Ama usalama ni jambo jingine. Mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho na hung'ang'ania majani. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Mchicha hupikwa, na moto huua vijidudu vingi. Lakini dania na nyanya za kachumbari hazipiti motoni, na kibao cha kukatia ni kimoja. Anayetangulia kuugua ni mtoto.

Hatumlaumu mkulima. Kiangazi kikimshika, mtaro ndio maji aliyo nayo, tena maji hayo yana naitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea. Lililo wajibu ni kuyasafisha kwanza, na njia mojawapo isiyohitaji mitambo mikubwa ni kinamasi cha kutengenezwa.

Kazi yake ni hii. Maji taka hutuama kwanza katika tangi ili uchafu mzito uzame. Kisha hupita polepole, kwa siku kadhaa, katika kitalu kilichozibwa chini yasivuje, kikajazwa kokoto na kupandwa matete au mafunjo. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto na mizizi huula uchafu ule. Maji yakipita chini ya uso wa kokoto, mbu hawapati pa kuzalia, na harufu hupungua.

Jambo hili si geni kwetu Pwani. Mwaka 2009 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza mradi wa kinamasi cha namna hii katika gereza la Shimo la Tewa, ili maji taka yasimwagike ovyo katika mkono wa bahari wa Mtwapa, na yakishasafishwa yafae kwa kilimo na ufugaji wa samaki.

Je, maji hayo yamekuwa twahara? Fiqhi yetu ina kipimo kizuri. Maji yaliyofika kulla mbili yakibadilishwa na najisi, hurudi twahara mabadiliko yakiondoka yenyewe au kwa kuongezewa maji. Lakini harufu ikifunikwa kwa miski au zafarani, hayajatwahirika. Kuficha si kusafisha. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua kwamba maji taka yaliyosafishwa kikamilifu, hata yakarudi katika rangi, ladha na harufu yake ya asili, ni twahara, bora yasiwe na madhara. Ila kwa kunywa likaona ni bora kujiepusha nayo.

Maji ya kinamasi hayafiki daraja hiyo kwa kawaida, kwani vijidudu vingine hubaki. Basi yapelekwe kwenye minazi, migomba, miche ya miti na majani ya ng'ombe, yamwagwe chini shinani, wala si juu ya majani. Mboga za kuliwa mbichi zisiguswe nayo. Mkulima avae viatu na glavu, na aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna.

Wa kuanzia ni sisi wenyewe. Maji ya udhu yaliyokwisha kutumika ni mustaamal: hayafai kutawadhia tena, lakini ni twahara. Msikiti ukiyatengea bomba lake, yasichanganyike na ya choo, bustani ya madrasa itapata maji kila wakati wa swala.

Tunatawadha kwa uangalifu mkubwa, kisha tunayasahau maji ya vyoo vyetu yakishaingia shimoni. Lakini mawe yetu ya matumbawe yana matundu mengi; linalozama uani kwetu laweza kuibuka kisimani kwa jirani. Naye jirani ana haki juu yetu.

Kwa mama yetu tunasema: mchicha wako uoshe kwa maji mengi safi, uupike uive, na kibao ukisugue kwa sabuni. Kisha muulize muuzaji maji hutoka wapi. Akina mama wakiuliza kila asubuhi sokoni, mkulima naye atatafuta jibu.

Wabillahi tawfiq.