Kila eneo la maduara liwe na ubao wa mvua

Huko Niseko, katika kisiwa cha Hokkaido nchini Japani, watu hupanda mlimani kuteleza juu ya theluji kwa starehe zao. Kila asubuhi ya msimu hutolewa taarifa: theluji iliyoanguka usiku ni sentimita ngapi, upepo unatoka wapi na una kasi gani, hatari ya maporomoko ya theluji ikoje, na mageti gani ya kutokea nje ya eneo linalosimamiwa yatafunguliwa. Anayevuka kamba ya eneo lililofungwa anaweza kunyang'anywa tiketi yake. Yote hayo ni kwa ajili ya mchezo. Huku kwetu, kijana wa Nyarugusu, Lwamgasa au Nyandolwa anashuka chini ya ardhi kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia madini, kutafuta riziki, na habari pekee ya hali ya hewa aliyonayo ni ile ya redioni jana usiku, kwamba mkoa utakuwa na mvua na ngurumo katika maeneo machache. Eneo lake limo au halimo katika hayo machache? Hakuna wa kumwambia. Naona umefika wakati kila eneo lenye leseni ya uchimbaji mdogo, Geita na Shinyanga, lilazimike kupima mvua yake kila asubuhi, kuandika kipimo ubaoni, na kutangaza duara lipi linashukwa na lipi halishukwi siku hiyo.

Sisemi hivi kuilaumu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. TMA hutoa utabiri wa vuli na wa masika, wa kila siku, na tahadhari za mvua kubwa, na ina rada Mwanza. Lakini utabiri wa mkoa ni wa mkoa. Mvua nyingi za kanda hii hutokana na mawingu ya radi yanayojengwa na joto la mchana na unyevu wa Ziwa Victoria, na wingu la aina hiyo laweza kuigharikisha Katoro likaiacha Nyarugusu na vumbi lake. Mwakata, wilayani Kahama, usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiangukiwa na nyumba za udongo. Radi iliyoua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, Januari 27, 2025, nayo ilipiga mahali pamoja. Wajapani, waliotutangulia mbali kwa rada, hawakuridhika na rada. Tangu 1974 wanaendesha mtandao uitwao AMeDAS, ambao sasa una vituo vinavyopima vyenyewe takriban 1,300, na mvua hupimwa kwa wastani kila baada ya kilomita 17. Juu ya hivyo vyote, watu wa milimani bado hupima theluji yao wenyewe.

Kwa mchimbaji, tena, mvua itakayonyesha ni nusu tu ya habari, na huenda ni nusu ndogo. Kinachoua chini mara nyingi ni mvua iliyokwisha kunyesha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 50 humwaga lita 500,000 juu ya hekta moja. Sehemu hutiririka, sehemu huzama. Penye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, maji ya mvua za mwanzo hupenya kwenye nyufa kabla udongo haujavimba na kuziba, na ndiyo maana mvua ya kwanza ya vuli inastahili kuogopwa sawa na ya mwisho ya masika. Tabaka la juu la duara, ambalo ndilo laini zaidi, hushikiliwa na matimba, yaani nguzo za mbao. Maji yakiingia nyuma ya matimba huongeza uzito na kulegeza udongo kwa wakati mmoja, na aliye juu haoni kitu. Mdomo wa duara unaweza kuwa mkavu ifikapo saa nne asubuhi ilhali maji ya juzi bado yanashuka. Anayetazama mbingu ili aamue kushuka hajauliza swali lenyewe. Anachotakiwa kujua ni jumla ya mvua ya siku tatu au tano zilizopita mahali pale pale aliposimama, na jumla hiyo haipatikani redioni wala kwenye simu. Hupatikana kwenye kipima mvua kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi, kama vituo vya TMA vinavyofanya.

Nitaambiwa kwamba wachimbaji wetu hawasikii, na ushahidi utakuwa Ng'alita. Januari 13, 2024, katika eneo hilo la wilaya ya Bariadi, jirani zetu wa Simiyu, kifusi kiliwaua watu 22. Kwa maelezo ya viongozi wa wilaya, eneo lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua zilizokuwa zikiendelea, na watu wakaingia hivyo hivyo. Ni ushahidi mzito, lakini mimi nausoma tofauti. Zuio lisilo na kipimo wala tarehe ya kufikiriwa upya, kwa mtu aliyezoea kufukuzwa kwenye kila mgodi mpya unaogunduliwa, halitofautiani na hila ya kumpisha mwenye nguvu zaidi. Hajui kama amezuiwa kwa sababu ya maji au kwa sababu ya leseni. Mageti ya Niseko huheshimiwa si kwa kuwa Wajapani ni watiifu kuliko Wasukuma. Yanaheshimiwa kwa kuwa yanafunguliwa pia. Ubao unaosema leo duara namba nne limefungwa, mvua ya siku tatu imefika milimita 80, litakaguliwa kesho saa tatu, unampa mtu sababu na unampa kesho. Na siku unaposema kavu, shukeni, ndipo unapojijengea imani ya kusikilizwa siku ya hatari. Wapo watakaokaidi, hilo silikatai. Adhabu iwe kwa mwenye duara aliyewashusha.

Pingamizi la njaa lina nguvu zaidi. Mtalii akikatazwa kuteleza anarudi hotelini kunywa chai, lakini mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, siku isiyo na mfuko haina kitu. Ni kweli. Hata hivyo, katika maduara mengi chakula hutolewa na mwenye duara au mfadhili wake, naye hukirudisha mavuno yakipatikana, kwa hiyo gharama ya siku iliyofungwa ina mahali pa kwenda bila kuanguka yote juu ya kijana. Tena kipimo kikiwa cha kila duara, kufunga moja si kufunga mgodi mzima. Tunachofanya sasa ndicho kinachokula siku nyingi zaidi: baada ya maafa eneo lote husimamishwa, wasiohusika wakakaa bila kazi pamoja na waliofiwa.

Lipo na la tatu, kwamba maduara huanguka hata bila mvua. Agosti 11, 2025, katikati ya kiangazi, mgodi wa Chapakazi uliopo Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, ulititia na kuwafunika watu 25. Kipima mvua kisingewaokoa. Lakini mtu anayepita kila asubuhi kusoma kipimo hupita pia kwenye nyufa, kwenye matimba yaliyopinda na kwenye maji yaliyopanda shimoni, na ubao wenye nafasi ya mvua unaweza kuwa na nafasi ya hayo yote. Migodi mikubwa ya wazi duniani husimamisha kazi radi ikikaribia na hupima mienendo ya kuta zake, na haieleweki kwa nini mvua ile ile ihesabiwe upande mmoja wa uzio na isihesabiwe upande wa pili.

Gharama si hoja ya kuchelewesha. Kipima mvua cha kawaida, ubao na chaki havifikii bei ya pampu moja ya kuvutia maji. Kigumu ni nani aandike. Asiwe mwenye duara, wala mtu yeyote mwenye mgawo katika mawe ya siku hiyo. Awe msomaji anayelipwa na ushirika wa wachimbaji na kukaguliwa na Ofisi ya Madini ya mkoa, ambayo wahandisi wake ndio wa kuweka kiwango cha mvua cha kufungia duara kwa kila aina ya ardhi, kwani mbuga na mwamba havina kiwango kimoja. Vipimo vikitumwa TMA kila siku, wakulima wa pamba wa Kishapu nao watafaidika bila kutoa senti. Tume ya Madini ifanye jambo hili kuwa sharti la leseni ya mchimbaji mdogo, na ilifanye kabla ya Oktoba, vuli inapoanza.