Shilingi Inayofuata

Twaona ni kosa, ndugu walimu, kuwafundisha watoto kuwa matumizi bora ni kununua kilicho rahisi tu. Mwaka 1854 Mjerumani Hermann Heinrich Gossen alieleza kuwa kadiri tutumiavyo kitu kimoja, manufaa ya kila nyongeza hupungua. Basi mwanafunzi na apewe noti za kuchora za shilingi 1,000, achague maandazi na machungwa, kila moja shilingi 200. Andazi la kwanza huondoa njaa. La nne hukinaisha. Hapo aulizwe: shilingi zinazofuata zitamfaa zaidi wapi? Azihamishe mpaka kuhamisha kusimwongezee kitu. Tusimchagulie, kwani mizani ya haja zake anayo mwenyewe. Swali na litangulie, kanuni itafuata.