Kabla Hujatuma Pesa ya Injini Nairobi

Probox ikianza kula oili na kuchemka kabla hujafika Kakuma, ushauri utakaopewa stejini Lodwar ni mmoja: tupa hiyo injini, agiza nyingine iliyotumika Japani. Sisi hatukubaliani na haraka hiyo. Pesa inatoka kwa simu kwa sekunde, lakini injini inapitia Kitale juu ya lori, na ikifika mbovu una safari ya zaidi ya kilomita 600 kuirudisha Nairobi.

Lipia kwanza kipimo cha kompresheni. Fundi anatoa plagi, anafunga geji, anasoma presha ya kila silinda. Silinda ikiwa chini, anatia oili kidogo ndani na kupima tena. Presha ikipanda, ringi ndizo zimeisha. Isipopanda, shida huenda iko kwa valvu au gasketi ya hedi, na hizo hutengenezwa bila kutupa injini nzima. Lakini bloku ikipasuka, hapo hata sisi tunasema badilisha.

Kitu ambacho wengi husahau ni radieta. Injini haikuchemka bure. Joto la Turkana mnalijua, na maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya radieta mpaka maji hayapiti vizuri. Ukifunga injini nyingine bila kushughulikia radieta, feni na themostati, hiyo nayo itachemka vilevile, na safari hii akiba imeisha.

Umeamua kununua? Sawa. Usitume pesa yote mara moja. Itisha picha inayoonyesha namba ya injini. Elewaneni kwa maandishi, hata kama ni meseji tu: kiasi fulani mzigo ukipakiwa, kilichobaki fundi wako akishaiwasha. Lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukisikia “tuma saa hii, kuna mteja mwingine amesimama hapa”, mwachie huyo mteja. Kuomba pesa irudishwe kunasaidia ukikosea namba. Muuzaji aliyekuuzia chuma chakavu ni kesi nyingine kabisa.

Meseji ya malipo usiifute, na risiti uidai. Namba ya injini mpya inafaa kuingizwa kwenye logibuku kupitia NTSA, na hapo utaulizwa ulikoitoa.

Kuhusu mikopo ya simu ya siku 30, tutasema ingawa sisi ni watu wa simu: usinunulie injini. Gari lililo juu ya mawe haliingizi nauli ya kulipa deni. Kama lako bado linatembea, weka kando shilingi 200 kila siku ya kazi kuanzia wiki hii. Kwa siku 25 hiyo ni 5,000 kwa mwezi, na kipimo cha fundi kinaweza kutoka hapo.